Moyo Uliokuwa Tumbo

Kosa langu la kwanza kazini nililifanya siku ya kwanza, kabla sijatia kitu mdomoni, na nililifanya kwa neno moja. Mzee mmoja aliniambia moyo wake unawaka, nami nikaamini kwamba moyo ni moyo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya zahanati. Mna vyeti, mmekaa darasani, mnajua sehemu za mwili kwa majina yake. Mimi sikuwa na cheti. Nilianza Iringa kama mfua bendeji, miaka ya hamsini ikiwa michanga, na Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kitabu cha tiba kilichotupwa, kisicho na jalada, na kamusi niliyoazima kwa mwalimu wa misheni. Nilikariri kurasa zake nikifua. Nilikuwa kijana wa kutetemeka kwa hofu ya kukosea. Nikikunja bendeji isiponyooka naikunjua naikunja tena. Mtu wa namna hiyo hupendwa na wakubwa, na ni hatari kwa wagonjwa. Hilo hakuna aliyenionya.

Walipoona najua kusoma vibandiko vya chupa wakanipandisha kuwa dresa, yaani mfunga vidonda, wakanipeleka zahanati moja ya milimani kusini ya Mbeya, kwenye migomba na kahawa, ambako ukungu unakaa mlangoni mpaka jua lipate nguvu. Mkubwa wangu alikuwa Mganga wa Zahanati, mtu mfupi mwenye sauti nzito. Asubuhi niliyofika alikuwa anateremka mjini kuchukua dawa.

"Kijana," alisema akikaza mzigo kwenye baiskeli, "kidonda fungua, safisha, funga. Homa, toa kwinini. Kitu kingine chochote, mwambie mtu angoje nirudi. Umeelewa?"

"Ndiyo, bwana."

"Umeelewa hiyo ya kungoja?"

"Ndiyo, bwana."

Sikuielewa. Alikuwa hajapotea kwenye kona nikawa nimeshafungua kitabu changu mezani.

Aliyeingia baada ya vidonda kwisha aliitwa Mzee Gwamaka, Mnyakyusa mwenye kifua kipana na miguu ya mtu anayepanda na kushuka mlima kila siku. Alikuja na mkewe, Mama Ambokile, ambaye alisimama mlangoni na chupa tupu mkononi. Siku hizo mgonjwa alikuja na chupa yake mwenyewe, nasi tuliijaza, hata kama jana yake ilikuwa na mafuta ya taa.

"Ndaga, mwanangu," alisema mzee, akinisalimu kwa Kinyakyusa. "Moyo inaniwaka. Nikiinama kupalilia, inawaka. Nikilala ndiyo kabisa, inapanda mpaka hapa."

Alionyesha mahali. Sikuona alipoonyesha, kwa sababu nilikuwa natafuta ukurasa wa moyo.

Nikaupata. Nikamsikiliza kifuani kwa ule mpira wa masikioni, ambao sikuwa nimewahi kuutumia, nikasikia mapigo, nikaona kwamba kweli kuna kitu humo kinagonga. Nikamwambia kwa Kiswahili changu safi cha kwenye kamusi kwamba moyo wake ni mgonjwa. Asishike jembe. Asipande mlima. Alale kadiri awezavyo, na ale ashibe ili apate nguvu.

"Nitakufa?" aliuliza.

"Sote tutakufa, mzee," nilimjibu.

Nilidhani ni jibu la busara. Mama Ambokile alianza kulia pale pale mlangoni, nami nikaona jinsi maneno yangu yalivyo na uzito, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Acheni niwaeleze kilichokuwa kikimsumbua, maana mtakutana nacho kila siku ya kazi. Chakula kikishuka kinapita kwenye bomba la nyama tunaloliita umio, kinaingia tumboni. Kati ya umio na tumbo pana msuli unaojikaza kama mdomo wa mfuko wa ngozi uliofungwa kwa kamba. Tumboni mna maji makali ya kusagia chakula. Tumbo lenyewe limeumbwa liyahimili, umio haukuumbwa hivyo. Msuli ukilegea, au tumbo likijazwa mno, au mtu akilala na shibe yake au kuinama nayo, yale maji yanapanda, na yanapopita yanaunguza. Hicho ndicho kiungulia. Mahali kinapoanzia, pale katikati chini ya mbavu, Waswahili wa pwani wanapaita chembe cha moyo, na huku kwetu bara tumezoea kukata neno tukabaki na moyo peke yake.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nilijua. Kwetu Uheheni mama yangu akila viazi vya kuchoma usiku alisema moyo unamchoma, nami nikamletea maziwa, wala sikudhani anakufa. Nilijua nikiwa mtoto. Nilipovaa kaptura ya kazi nikasahau Kihehe chote.

Basi mtazameni mzee wa watu. Alikuwa anaungua akilala na akishiba, nami nikamwagiza alale na ashibe.

Mganga wa Zahanati aliporudi nikampa taarifa nimesimama wima kama askari. Alinisikiliza huku akifungua mzigo. Nilipofika kwenye neno moyo, alisimama na boksi la pamba mikononi.

"Alikuonyesha wapi?"

"Alisema moyo, bwana."

"Nimekuuliza alionyesha wapi. Mke wangu anasema moyo wake uko Tukuyu kwa mama yake. Nimpeleke Mbeya akapimwe?"

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kiliumwa? Chukua chupa ya dawa nyeupe, twende."

Dawa nyeupe ilikuwa magnesia, unga uliokorogwa katika maji. Unaitikisa chupa kabla ya kunywa, la sivyo dawa inabaki chini na mgonjwa anakunywa maji matupu. Tuliipeleka mlimani. Tulikuta uwanja umejaa watu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati, na ndugu zake na wanawe wamemzunguka, na alikuwa amekwisha gawa mali yake. Mwanawe mkubwa, Ambokile, amepewa kahawa yote. Wadogo wamepewa migomba na ng'ombe. Mwenyewe amebakiwa na nyumba na kitanda.

Bosi wangu alimbonyeza, akamnywesha. Mzee akacheua kwa kishindo, akafuta mdomo, akasema moto umezimika.

"Umeona? Ni tumbo hilo," alisema bosi.

"Tumbo haliniumi," alijibu mzee. "Tumbo liko huku chini. Moyo."

"Mzee, moyo mgonjwa hauponi kwa magnesia."

"Dawa yako nzuri, bwana. Lakini huyu kijana aliweka mpira akaona ndani. Wewe umebonyeza tu."

Ambokile, kijana wa rika langu, akadakia kwa adabu kubwa, "Baba amekwisha sema, bwana mganga. Amekwisha tuaga." Nikaona jinsi alivyoitazama kahawa iliyo nyuma ya nyumba.

Tukiteremka bosi hakunitukana. Aliongea na baiskeli yake njia nzima. "Kijana anasoma. Anasoma sana. Macho yake yote yako kwenye kitabu." Baada ya hapo wakubwa wa Mbeya waliona heri nipelekwe mahali ambapo kuna vidonda vingi na mazungumzo machache. Nikapelekwa Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya.

Mkubwa wangu mpya alikuwa Msimamizi wa Dawa kambini, Mnyasa mrefu aliyepata mafunzo kwao ng'ambo ya ziwa. Alikuwa amechoka na kila kitu: vumbi, nzi, wachimbaji, mimi. Kila asubuhi mstari wa wachimbaji ulifika mpaka nje, na nusu yao walisema kifua, moyo, koo, kitu kinapanda. Nikaanza kuuliza kila mmoja maswali mpaka mstari ukasimama.

"Unataka kuwaoa?" alinguruma Msimamizi. "Wanakunywa chai ya rangi nyeusi kama lami, hawajala. Jioni wanakula sufuria nzima ya ugali, wanabugia pombe, wanatafuna tumbaku, wanaanguka kulala. Mchana wanainama mtaroni na mikanda imewakaza kama magunia. Unauliza nini zaidi?"

"Basi tuwaambie waache, bwana."

"Waambie."

Niliwaambia. Nilimwambia mmoja alegeze mkanda. Akaniambia suruali itaanguka, nimshikie? Nilimwambia mwingine ale kidogo kidogo mara nyingi, akasema, "Dokta, hicho kidogo cha mara ya pili unakileta wewe?" Kuna aliyekunywa magnesia yangu asubuhi, mchana akashushia aspirini ya dukani kwa sababu ya kichwa cha pombe, na jioni akarudi analalamika kwamba dawa yangu inachoma. Aspirini, vijana, inakwangua tumbo lililokwisha waka. Nilimweleza. Akanipa pole kwa kazi ngumu na kesho yake akafanya vile vile.

Na mimi mwenyewe nikaanza kuungua. Msicheke. Nilikuwa sili mchana kwa kuogopa kuchelewa kazini, nikinywa chai ya wachimbaji, nikila usiku nikiwa na njaa ya fisi, kisha nikilala chali nikihesabu makosa ya siku. Nikajitibu kwa bikaboneti ya soda, ule unga wanaotumia kuumulia mandazi, kijiko baada ya kijiko. Unazima moto, halafu unajaa hewa, unacheua mbele ya wagonjwa, na baada ya kitambo moto unarudi mkali kuliko mwanzo. Nilitumia mpaka nikawa navimba miguu kwa chumvi yake. Msimamizi alinitazama akasema, "Tabibu, ulijiuliza maswali?"

Jibu la shida ya kulala sikulipata kitabuni. Nililipata kwenye mfereji wa mbao wa kuoshea mchanga wa dhahabu. Wachimbaji walikuwa wanauinua upande mmoja kwa mawe. Ukiinuliwa maji yanashuka, ukilazwa sawa maji yanatuama na kurudi nyuma na matope yake. Nilisimama pale nikamfikiria Mzee Gwamaka kitandani. Jioni nikaweka mawe chini ya miguu ya kitanda changu, upande wa kichwa. Si mto, kumbukeni. Mto unakunja shingo na kubana tumbo, unaharibu zaidi. Kitanda chote kiinuke kichwani. Nililala nikiteleza kuelekea mlangoni kama mzigo kwenye lori, lakini sikuungua.

Tangu hapo nikawa na dini mpya. Kila moyo kwangu ukawa kiungulia. Mnaona jinsi mtu wa kupenda ukamilifu alivyo mpumbavu: akitoka kwenye shimo moja anapima vizuri, anaruka moja kwa moja kwenye la pili. Nilikuwa na imani hiyo nilipohamishiwa kwetu Iringa, kwenye hospitali iliyokuwa chini ya Sista wa Wadi, mwanamke wa Ulaya aliyejifunza Kiswahili kwa Wahehe na hivyo akakitamka kama shangazi yangu.

Iringa wakati wa mvua mianzi inagemwa, na ulanzi, pombe ya maji ya mianzi hiyo, unashuka mjini kwa vibuyu. Ukiwa mtamu asubuhi, jioni umekuwa mkali, na watu wanaupenda mkali. Foleni yote ilinuka ulanzi. Wajawazito nao walikuja, nao walikuwa na haki ya kuungua kwa sababu mtoto anasukuma tumbo juu, lakini walikuwa wamekwisha jiambia kwamba kiungulia ni nywele za mtoto. "Usinipe dawa, Dokta," mmoja aliniambia, "atazaliwa na kipara." Nilimwambia afunge kanga yake chini ya tumbo badala ya juu yake, na ale mapema. Alikubali kanga tu.

Asubuhi moja akaja fundi seremala wa Kihesa, mtu wa makamo. Alisema moyo unambana tangu alipokuwa anapanda kilima na mbao zake. Nikatabasamu. Nikatikisa chupa nyeupe, nikamimina, na kikombe kilikuwa kinakaribia mdomo wake.

"Wewe!" Sista alinishika mkono, dawa ikamwagika. "Fundi anatoka jasho kama ng'ombe wa jembe, wewe unampa chokaa? Fundi, onyesha. Usiseme. Onyesha kwa mkono."

Fundi alikunja ngumi, akaigandamiza katikati ya kifua. Kisha akaupapasa mkono wa kushoto, na taya.

"Huo ni moyo," alisema Sista. "Aingie alale sasa hivi, asitembee." Aliporudi aliniita pembeni. "Sikiliza, kamwene." Alikuwa anatumia salamu ya Kihehe kila alipotaka kugomba. "Mtu wa kiungulia anaonyesha kiganja, kinapanda kutoka hapa chini mpaka kooni. Kinamjia ameshiba, ameinama, amelala. Mtu wa moyo anaonyesha ngumi. Unamjia akipanda mlima au akibeba mzigo, na akipumzika unamwacha kidogo. Jasho baridi, pumzi fupi, mkono, taya. Ukiwa na shaka, ni moyo mpaka daktari aseme siyo. Na anayekwama chakula kooni, anayekonda, anayetapika damu au kuharisha choo cheusi kama lami, huyo usimpe chupa, mlete kwangu."

Yule fundi aliishi, ingawa mbao hakubeba tena. Nami sikupata usingizi, kitanda kimeinuliwa au hakijainuliwa, kwa sababu niliona jambo moja lililonitesa: huenda kwa Mzee Gwamaka sikuwa nimekosea. Huenda alikuwa na yote mawili. Hakuna aliyekuwa amempima. Nami nilikuwa nimemwacha juu ya mlima na kitanda chake.

Niliomba kurudi Mbeya. Bwana Mganga Mkuu aliyeshughulikia uhamisho alilishangaa ombi langu. "Kila mtu anaomba mjini. Wewe unaomba ukungu. Kwa nini?"

"Nina mgonjwa kule, bwana."

"Mgonjwa wa lini?"

"Wa siku yangu ya kwanza kazini," nilimjibu, na pengine hilo ndilo lililomfanya asaini.

Nikarudishwa kwenye zahanati ile ile, nikamkuta Mzee Gwamaka amelala chali, saa ambayo wenzake wote wako mashambani. Alikuwa amenenepa na kulegea. Hakuwa amekufa na hakuwa anaishi. Watu walipita kumsalimu kwa sauti ya msibani, kisha wakaenda kwa Ambokile kuuliza mambo ya ukoo: mahari, mpaka, mbegu. Mama Ambokile alikuwa anamlisha ndizi za kuponda na maziwa ya mgando kila alipofungua mdomo, na jioni kibuyu cha kimpumu, pombe yao ya ulezi, kumpoza. Kisha analala, kisha anaungua. Aliyemwagiza hivyo nilikuwa mimi.

"Ndaga, Dokta," alisema bila kinyongo. "Bado nakufa."

Nilitaka kumwambia papo hapo kwamba ni tumbo. Lakini ngumi ya yule fundi ilikuwa mbele ya macho yangu. Nikawaomba wanawe wambebe kwa machela mpaka barabarani, tukapata lori la viazi, nikamfikisha kwa daktari Mzungu kule Mbeya. Daktari alimsikiliza mbele na nyuma, akampandisha na kumshusha ngazi za baraza mara nyingi mpaka mimi nikachoka kutazama. Mzee alipumua vizuri, ngumi haikuonekana.

"Moyo wa mzee huyu ni mzuri kuliko wangu," alisema daktari. "Mpeleke akalime."

Nilirudi naye nikiimba ndani kwa ndani. Nyumbani nikatangaza habari mbele ya mkewe na wanawe. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kitandani akalala.

"Baba, umesikia? Moyo ni mzima."

"Mzungu amesikiliza kifua," alisema akitazama dari. "Mimi sikusema kifua. Nilisema moyo."

Nadhani nilipiga kelele. Kwa kweli nilipiga kelele, mbele ya mzee wa watu, na Ambokile akasimama. Mama Ambokile ndiye aliyetunyamazisha. Alikuwa ameshika mwiko.

"Nyamazeni wote wawili! Kila siku moyo, tumbo, moyo, tumbo. Mmoja anasema hivi, mwingine anabisha, mnagombania jina. Mume wangu, moyo wako uko wapi? Weka mkono."

Mzee aliweka kiganja chini ya mbavu, pale katikati, akakiburuza polepole mpaka kooni.

"Hapa. Siku zote uko hapa."

"Na chakula kikishuka kinapita wapi?" nikamuuliza, sauti imenitoka ndogo.

"Hapo hapo moyoni," alisema, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Ungependa kipite wapi?"

Basi nikaliacha neno langu nikalichukua lake. Nikamwambia moyo wake huo una mlango juu, na mlango umelegea. Akijaza mno, unafunguka. Akilala na shibe, kilichomo kinamwagika kuelekea kooni. Kimpumu kinaulegeza zaidi. Sikutaja tumbo hata mara moja. Alisikiliza akitingisha kichwa, na alikuwa anaelewa, na nilitamani kulia kwa hasira, maana sentensi hizo zote nilikuwa nazo tangu Makongolosi na tatizo lilikuwa jina tu.

"Kwa hiyo mlango ukifungwa, moyo haufi?" aliuliza.

"Haufi."

"Sasa ndiyo umesema," alisema Mama Ambokile. "Ambokile, leta mawe."

Sikuwa na kazi tena. Mwanamke yule alichukua maagizo yangu akayafanya sheria ya nyumba. Chakula kidogo, mara nyingi, na cha mwisho jua bado liko juu ya migomba. Mzee akilia njaa jioni aliambiwa, "Lala na mlango wako." Kibuyu kiliondoka, alipewa togwa changa isiyochacha. Baada ya kula hakuna kulala wala kuinama. Alitakiwa kutembea mpaka kwenye mti wa mugumo na kurudi, na kama hakuna mgeni wa kutembea naye, mkewe alitembea naye akimsema. Kitanda kiliinuliwa. Mzee alilalamika kwamba analazwa kama mbuzi anayechunwa, kisha akaacha kulalamika kwa sababu alikuwa anapata usingizi. Magnesia nilimpa ya kutuliza ule moto wa mwanzo tu, na mvua zilipofika chupa ilikuwa imekauka pembeni.

Alipoacha kuungua alisimama, akavaa koti, akaenda kwenye kahawa. Alikuta Ambokile amepogoa vibaya. Ugomvi wao ulisikika mpaka zahanati, na bosi wangu wa zamani, aliyekuwa bado pale, alitoka nje akasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.

"Baba, ulituaga," Ambokile alikuwa anasema. "Tulilia. Tulichinja. Huwezi kurudi kudai."

"Nilikosewa dawa."

"Mdai aliyekukosea!"

Ukoo ulikaa mara nyingi, na mimi niliitwa kila mara, na kila mara nilieleza umio na mlango, na kila mara mzee mmoja aliyechelewa kufika aliomba nianze upya. Wakaamua migomba irudi, kwa sababu mtu lazima ale. Kahawa ibaki kwa Ambokile, kwa sababu alishaihudumia. Mzee Gwamaka hakubisha. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kula kama nilivyomfundisha, alichukua jembe akapanda mteremko wenye mawe ambao hakuna aliyeutaka, akaanza kufyeka apande pareto.

Hilo ndilo lililomshinda Ambokile. Mlima mzima ulikuwa unamwona baba yake, mtu aliyeombolezwa, akilima mawe huku kijana amekaa kwenye kahawa aliyoikuta. Wanawake wa kisimani walianza kuuliza kwa sauti kama mzee yule hana mtoto. Ambokile alivumilia mpaka palizi. Kisha akaja zahanati, kwangu, akiwa amenuna.

"Dokta, mwambie baba kulima kunamuua."

"Hakumuui."

"Wewe si ulisema kunamuua?"

"Nilisema. Sasa nasema hakumuui."

Alinitazama kwa chuki ya haki kabisa. Akaenda akamrudishia baba yake nusu ya kahawa, ile nusu ya karibu na nyumba. Mzee aliipokea, akaipogoa upya, na hakuacha pareto. Watu walirudi kumuuliza habari za mahari na mipaka. Aliishi akazika wengi waliokuja kumuaga, na kila aliponipita njiani alinionyesha kiganja kimeshuka chini, maana yake mlango umefungwa.

Nilistaafu nikiwa nimepanda ngazi zote alizoweza kupanda mtu aliyejifundisha, na miaka yangu ya mwisho niliitumia kufundisha madresa wapya. Sikuwafundisha kukunja bendeji sana. Niliwaambia kila mgonjwa aonyeshe kwa mkono kwanza, nao walichoka kunisikia. Bado nakasirika nikiona mtu anatoka harusini ameshiba, amekunywa, anajibwaga kitandani, halafu asubuhi anauliza amerogwa na nani.

Mengi yamebadilika. Magnesia imewapisha vidonge vya kupunguza yale maji makali yenyewe, na kuna kamera ndogo ya kushushwa kooni kuutazama ule mlango. Neno kiungulia limepanda milima. Mbeya hadi Iringa hakuna asiyelijua. Zamani mgonjwa alikuja na moyo, nasi tukampa ugonjwa asionao. Sasa anakuja ameshajipa jina la kiungulia na vidonge ameshanunua dukani, na kazi ya mhudumu ni kumuuliza kama kweli ndicho.